Chiriku wa Pili

Miezi ile yote, kila nilipopiga simu, mama alikuwa amelala. Nikipiga asubuhi, amelala. Nikipiga mchana, kati ya mteja mmoja na mwingine, vibanio vimenijaa mdomoni, amelala. Nikipiga jioni, ndiyo kwanza amejinyoosha. Dada yangu alinijibu kwa sauti yake ile ya mwalimu wa hesabu, kana kwamba nimeuliza jambo ambalo jibu lake liko ubaoni na mimi ndiye mvivu wa kusoma. Amelala, mdogo wangu, anakusalimu. Mtu aliyelala ananisalimuje? Nilitaka kumuuliza, lakini dada yangu si mtu wa kuulizwa. Tangu utotoni nyumba nzima ilimwita Hakimu. Mimi waliniita Chiriku, na sababu yake mtaiona wenyewe.

Macho ya mama yalikuwa yamefunikwa na ukungu wa mtoto wa jicho, na daktari aliogopa kumpasua kwa sababu ya moyo wake. Alichokiona ni rangi na vivuli tu. Kumbukumbu nayo ilikuwa inamtoka kidogo kidogo, leo jina la mtaa, kesho jina la mwezi. Dada aliacha kazi ya shule ili akae naye, akawa anafundisha wanafunzi wachache barazani wakati wa jioni. Hilo nalijua na sijawahi kulikana. Lakini mimi nami ni mtoto wa yule mama, tena, niseme bila kuficha, mimi ndiye niliyependwa. Mama na Hakimu waliishi kama paka na panya. Mimi nikipiga kelele nachekewa, yeye akinyamaza anaulizwa ananunia nini.

Basi niliamua kumchukua mama akae kwangu. Nilipaka rangi chumba cha nyuma ya saluni, nikaweka kitanda kifupi asipate taabu kupanda, na dirisha linalotazama kibaraza wanakongojea wateja, maana mama yangu bila umbea hamalizi siku. Nilichokitaka ni kitu kimoja: awe kwangu, akiwa bado ananijua, kabla hajasahau na hilo. Nikamwambia dada. Akasema subiri kwanza. Nikakaa, nikamkumbusha. Subiri kwanza. Mtu mzima akikwambia subiri, na hakwambii unasubiri nini, ujue pana jambo. Nikafunga saluni, nikapanda basi bila kumwarifu mtu.

Getini nilimkuta jirani yetu, mama mmoja ambaye habari za mtaa huzijua kabla hazijatokea. Alikuwa anafagia upande wake. Akanitazama juu mpaka chini, akaniuliza begi la nini, na mbona nimebadili nguo, maana asubuhi aliniona uani nikianika nguo nimevaa gauni langu la njano. Nikamwambia ndiyo kwanza nashuka kwenye basi. Akacheka, akasema haya bwana, akaendelea kufagia palepale alipokwisha kufagia. Ule ukuta ni mrefu, mtu wa upande wa pili unamwona kichwa na mabega basi, lakini njano ya gauni lile hata kipofu angeijua. Nilikuwa nimeliacha kabatini kwetu nilipokuja mara ya mwisho.

Nilisimama pale na begi langu. Nani alikuwa anaanika nguo kwetu amevaa gauni langu?

Dada alinifungulia mlango. Alikuwa na sketi yake ya kijivu na blauzi iliyofungwa vifungo mpaka kooni. Hakushtuka, hakufurahi. Alikuwa na uso wa mwanafunzi aliyekutwa na kikaratasi kwenye mtihani, na uso huo sikuwahi kuuona kwa Hakimu. Aliniuliza kwa nini sikusema kwamba nakuja. Nikamwambia nilichoka kusubiri, nikampita.

Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Amekonda, lakini amependeza, ngozi inang'aa mafuta, kitambaa cheupe kichwani. Nilipiga magoti nikamkumbatia.

"Mama, ni mimi. Chiriku."

Alinipapasa mkono kwa adabu, kama unavyompapasa mgeni. "Chiriku ametoka sasa hivi," akasema. "Kaa umngoje. Wewe ni mwenzake wa kazini?"

Nilicheka, nikidhani ananitania, kwa sababu mama utani anao. Nikarudia. Hapo uso wake ukakunjamana. Akasema mwanae anamjua, amekaa naye hapa asubuhi nzima, na si vizuri mtu mzima kujiita jina la mwenziwe. Dada akaja mbio nyuma yangu, akasema mama amechoka, tumwache apumzike. Mbio zenyewe ndizo zilizonitia shaka. Hakimu hakimbii hata akinyeshewa.

Sijui kama mmewahi kukanwa na mama yenu. Mimi niliingia bafuni nikalia nimeuma taulo, halafu nikanawa uso, nikatoka nikiwa mpelelezi.

Nilianzia kabatini. Gauni la njano halikuwepo. Chupa yangu ya mafuta ya nywele, yale ya karafuu ninayochanganya mwenyewe, niliiacha imejaa, nikaikuta imebaki kidogo chini. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini mimi hata nguo yenyewe siioni. Halafu mama alipolala kweli, mbele ya macho yangu safari hii, nilimfungua kitambaa taratibu.

Hapa lazima niwaeleze kidogo kazi yangu. Mimi ni mashoto. Mtu wa mashoto akisuka, mkono wa kushoto ndio unaopeleka, na msuko unajilaza upande mwingine, tofauti na wa watu wengi. Mtu wa kawaida haoni. Msusi anaona, kama fundi viatu anavyojua mshono wa mwenzake. Kichwa cha mama kilikuwa kimesukwa mistari yangu, ile ya kuanzia nyuma ya sikio na kupinda mara moja, na msuko ulikuwa umejilaza upande wangu. Mkono wa kushoto. Tena mkono wa mtu anayejifunza: mistari inayumba, huku imebana, huku imelegea. Dada yangu anatumia mkono wa kulia kwa kila kitu, hata kukuna mgongo. Kwa hiyo si yeye. Kulikuwa na mwanamke mwingine katika nyumba ile, mwanamke wa mashoto, na alikuwa anajifanya mimi.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu ziliniambia hivi: Hakimu ameona mdogo wake anataka kumchukua mama. Ametafuta mwanamke, amemvika gauni langu, amempaka mafuta yangu, amemfundisha mikogo yangu, ili mama aamini mimi niko hapahapa na asitake kwenda popote. Na simu akaifunga ili sauti yangu isiharibu mchezo. Nilipolipanga hivyo jambo zima lilikaa vizuri mno, nikaona aibu kwamba nilichelewa kulijua.

Wakati wa chai nilimuuliza dada ni nani anayemsuka mama.

"Mimi," akasema.

"Kwa mkono gani?"

Alinyanyua kikombe kwa mkono wa kulia, akanywa, akakirudisha. "Kwa mkono nilio nao," akasema, akaanza kukusanya vyombo.

Nikajua ananizunguka. Hakimu hasemi uongo, hilo tulimjua nalo, lakini ukweli anaupima kidogo kidogo. Usiku ule nilifunga mlango wa chumba changu kwa ufunguo, nyumbani kwetu, kwa sababu sikujua nimelala na nani.

Asubuhi nilikaa na mama. Sikubishana naye tena, nikakubali kuwa mgeni, na kumbe mgeni huambiwa mengi. Aliniuliza nafanya kazi gani. Nikasema msusi. Akafurahi, akasema hata mwanae wa mwisho ni msusi, mzuri sana, wateja wanapanga foleni. Nikamuuliza kama anamsuka vizuri.

Akanivuta karibu. "Siku hizi ananivuta nywele," akaninong'oneza. "Ananiumiza. Lakini simwambii. Nikimwambia ataacha kuja."

Nikamuuliza, je, huyo mwanao akitaka kukuchukua ukakae kwake? Mama akatikisa kichwa. Chiriku amekwisha kumwambia kwamba hatamhamisha. Watakaa hapahapa, wawili. Na mkubwa? nikamuuliza. Mama alikunja uso, akasema yule anaingia vyumbani bila hodi na anamhesabia matonge. Basi ushahidi wangu ukawa umekamilika. Lile lijitu lisilojulikana lilikuwa limemwahidi mama yangu kwa jina langu.

Nikatangaza kwamba nakwenda mjini kununua nyuzi za kusukia, na kwamba nitachelewa. Dada alinisindikiza mpaka getini, jambo ambalo si kawaida yake, akasimama mpaka nikakata kona. Jirani alikuwepo na ufagio wake. Aliniuliza nyumbani kuna nini, mbona naona mnasindikizana, nikamwambia hakuna. Alionekana kusikitika. Ndugu wakigombana, wahenga walisema chukua jembe ukalime, lakini yeye alikuwa ameshakuja na kapu.

Nilizunguka kwa kichochoro cha nyuma, nikaingia uani kwa mlango wa takataka ambao kitasa chake kimekufa zamani. Mashuka yalikuwa kwenye kamba. Nikajibanza nyuma ya tangi la maji, mahali ninapoona dirisha la chumba cha mama, na kusema kweli nilikuwa nimeshika jiwe. Sijui nilitaka kulifanya nini.

Niliisikia sauti kwanza. Ilikuwa yangu. Ilipanda mahali ninapopandisha mimi, ikakatika kwa kicheko mahali ninapocheka mimi, ikasema, "Subiri, mama, hujasikia bado, utamu uko mbele." Ilikuwa inasimulia habari za mteja wangu aliyekuja kusukwa kwa ajili ya harusi, akamkuta mwenziwe kwenye kiti cha pili anasukwa kwa ajili ya harusi ileile, bwana yuleyule. Kisa hicho nilimsimulia mtu mmoja tu, kwa simu, na hakucheka.

Nikasogea mpaka dirishani. Mama alikaa chini juu ya mto, kichwa kimeegemea magoti ya mwanamke aliyekaa kwenye kitanda. Gauni la njano. Kilemba kimefungwa kwa fundo la pembeni, kama ninavyofunga mimi. Mkono wa kushoto ulikuwa unapeleka nywele, polepole, kwa taabu, ncha ya ulimi imetoka pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Ulimi ule naujua. Dada yangu hutoa ulimi hivyo anapopiga hesabu ngumu.

Jiwe likanitoka mkononi bila mimi kujua.

Hakimu alikuwa anacheka. Alikuwa anamtikisa mama mabega, anamtania, anamwita mrembo wangu, na mama anacheka mpaka anafuta machozi. Kisha mama akasema, "Na yule dada yako usimruhusu kuingia humu leo. Sitaki kumwona."

Mkono wa kushoto ulisimama. Halafu ukaendelea.

"Sitamruhusu, mama," dada yangu akasema kwa sauti yangu. "Leo tuko sisi wawili tu."

Nilipaswa kuondoka. Mtu mwenye busara angeondoka akatafakari. Mimi nilipita mlango wa jikoni nikaingia chumbani na viatu vyangu, nikauliza kwa ukali ni mchezo gani huu unaochezwa kwa jina la watu. Mama alishtuka, akamshika mwenye gauni la njano kwa mikono miwili. Akageuza uso kwenye sauti yangu, na sauti yangu ikiwa na hasira, sikuwa najua, ni ya dada yangu kabisa.

"Huyo ameanza," mama akasema. "Hakimu, toka. Chiriku, mtoe."

Na Chiriku alinitoa. Aliinuka, akanishika mkono, akaniongoza mpaka jikoni, akafunga mlango. Tulisimama katikati ya sufuria, mimi na yeye, na ilikuwa kama nimejikuta mbele ya kioo kilichonizeesha. Nilimwambia maneno mengi na sitayarudia yote. Nilimwita mwizi. Nilimwambia miezi yote nimelala nikiwaza mama ananiwaza, kumbe mama anaye Chiriku wake, hana haja na mimi. Yeye alisubiri nimalize, kama anavyosubiri darasa linyamaze.

Halafu alinieleza. Mama alianza kwa kukataa kuogeshwa naye. Kisha akakataa chakula chake, akisema kina kitu ndani. Akawa anamsukuma, anamuuma, anapiga kelele mpaka jirani anachungulia. Dada alimbembeleza, alimkaripia, alimwita daktari, wapi. Siku moja mvua ilikuwa imelowesha nguo zake zote kambani, akaingia chumbani kwangu, akavaa alichokuta, akampelekea mama uji akiwa hana tamaa tena. Mama akaona njano. Akanyoosha mikono, akasema Chiriku, umekuja, akala bakuli zima.

"Ningefanya nini?" dada akaniuliza. "Nimwambie mimi si Chiriku, aweke kijiko chini?"

Akaendelea. Mama alitaka kusukwa. Alipomsuka mara ya kwanza mama akauliza mbona leo mkono unatokea upande mwingine. Kwa hiyo akajifunza mkono wa kushoto, kwa kamba aliyoifunga kwenye mguu wa kiti barazani, wanafunzi wake wakifanya hesabu. Kicheko alikisikiliza kwenye simu. Ndiyo maana alikuwa ananiacha niseme sana, mimi nikidhani labda umri umemlainisha.

"Na mama hakulala."

"Wakati mwingine alilala. Lakini angekusikia, angejua kuna wawili."

"Ungeniambia, dada. Ningekuja siku hiyohiyo."

"Ndiyo maana sikukwambia."

Alisema hivyo akitazama sakafu. Nilidhani nimesikia vibaya, nikamngoja.

"Ungekuja ungekuwa wewe," akasema. "Na mimi ningerudi kuwa mimi. Amenibusu mkono, mdogo wangu. Kila asubuhi ananibusu mkono. Sikujua mama ana midomo laini hivyo. Wewe ulijua maisha yako yote."

Hapo shaka yangu ilikuwa imepata jibu, na jibu lenyewe halikunifaa kitu. Nilikuwa nimemdhania mabaya, na mabaya yalikuwepo: aliniibia kweli, alinizuia kweli, na alifanya kwa makusudi. Ila nilikuwa nimemtafuta mwizi wa mama, na mwizi alikuwa ametaka kitu ambacho mimi nilikuwa nacho tele hata sikukihesabu kuwa mali. Nilimhurumia na nikamchukia kwa wakati mmoja. Kama kuna neno moja la hali hiyo, sijafundishwa.

Dada alianza kufungua vifungo vya gauni. Akalivua, akajifunga shuka iliyokuwa kwenye kiti, akanikabidhi. Alisema ni wakati wa kumwogesha mama. Nivae mimi, gauni ni langu na jina ni langu, mama hataona tofauti, na kesho nikitaka kumchukua atakuja nami mwenyewe, kwa furaha. Yeye atabeba maji na kuyaacha mlangoni. Matusi ameyazoea.

Nilikuwa nimelishika gauni. Lilikuwa bado na joto la mwili wake. Jambo nililolifuata safari nzima lilikuwa mikononi mwangu, kazi yangu ni kuingiza kichwa tu. Kisha dada akainama kuchota maji, shuka ikasogea, nikaona mikono yake mpaka juu ya viwiko. Ilikuwa na alama za meno. Nyingine zimepona, nyingine bado nyekundu. Blauzi ya mikono mirefu, vifungo mpaka kooni, na mimi miaka yote nilimwita moyoni mshamba wa mavazi.

Nilimtupia gauni lake, yaani langu. "Vaa," nikamwambia. "Maji yanapoa. Leo mimi nitakuwa wewe. Nataka niyasikie hayo matusi yenyewe."

Alikataa. Nikachukua ndoo nikaenda kusimama nje ya bafu, akabaki hana la kufanya ila kuvaa na kwenda kumleta mama.

Bafuni mama alikaa kwenye kigoda, amefunikwa shuka mabegani, na dada akachuchumaa nyuma yake na kitambaa cha kusugulia. Akaanza palepale kusimulia habari za wateja. Mimi nikaingia na ndoo, taulo begani, nikaburuta miguu kidogo, kama Hakimu.

"Ni nani?" mama akauliza.

"Ni mkubwa, mama," nikasema kwa ile sauti yangu ya hasira, japo hasira ilikuwa imepungua. "Nimeleta maji."

"Weka uende."

Niliweka. Sikwenda. Niliona bega la dada chini ya gauni langu limekakamaa, nikajua anangoja tusi na anaomba nisiongeze neno. Lakini mimi ni Chiriku hata nikivaa ngozi ya mtu mwingine. Nikauliza swali ambalo dada yangu, kwa ninavyomjua, hangelitoa mdomoni mpaka afukiwe.

"Mama, nimekukosea nini?"

Kitambaa kikasimama juu ya mgongo. Dada alinitazama, macho yananiambia nyamaza. Mama alichezea pindo la shuka, nikadhani swali limempotea. Halafu akasema, polepole, wala si kwa ukali.

"Hujanikosea. Wewe uliniona siku baba yenu anaondoka. Nilikuwa chini pale mlangoni, nimemshika mguu. Nimemshika mguu, mimi. Ukatokea na mkoba wako wa shule, ukasimama, ukatazama. Hukulia. Ukaniinua, ukanifuta uso, ukamwambia mdogo wako mama ameteleza. Mtoto mdogo vile." Akavuta shuka mabegani. "Toka siku hiyo kila ukinitazama, naona umeniona. Mtu aliyeniona hivyo siwezi kumpa mwili wangu anioshe."

Mimi nilikuwa naijua siku hiyo. Nilikua nikijua mama aliteleza mlangoni, kwa sababu sakafu ilikuwa na maji. Nimewahi hata kuisimulia kwa wateja wangu kama kichekesho.

Dada alikuwa amechuchumaa, kitambaa mkononi, na machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Moja likadondoka kwenye shingo ya mama.

"Chiriku," mama akasema. "Unalia?"

"Hapana, mama."

Alijibu kwa sauti yake mwenyewe. Alijisahau. Sauti ya mwalimu wa hesabu, nzito, imekauka, haina kicheko hata tone. Nilimwona mama akiisikia. Vidole vyake vilishika ukingo wa kigoda, na mimi nikajiandaa kumdaka dada asije akaumwa tena. Mama alikaa vile, ameinamisha kichwa, na maji yanamtiririka. Kisha vidole vikaachia.

"Basi sugua," akasema. "Maji yanapoa."

Dada akasugua. Alisugua mgongo wa mama kwa mkono wa kulia, polepole, mara ya kwanza bila kuwa mtu mwingine, na mama akamwachia. Nilifurahi. Naapa nilifurahi, na nikawaza kwamba sasa kila mtu amerudi mahali pake, zamu yangu nayo imefika.

"Na Chiriku ameenda wapi?" mama akauliza.

Dada alininyanyulia uso. Nikapiga magoti mbele ya kigoda, kwenye maji, nikashika magoti ya mama.

"Nipo hapa, mama," nikasema, kwa sauti yangu, ya kwangu kabisa, bila hasira.

Mama akasikiliza. Alisikiliza vizuri, ameelekeza sikio, kama anayetaka kunitendea haki.

"Hapana," akasema. "Sauti ya Chiriku naijua."

Nilimtazama dada yangu, na yeye akanitazama. Ni yeye aliyefumba macho kwanza, akakihamishia kitambaa mkono wa kushoto.

"Nipo, mama," akasema, na sauti ikapanda palepale ninapopandisha mimi. "Nilikuwa nachukua taulo."

Mama akacheka. Taulo nilikuwa nalo mimi, nikampa dada.